Sura ya Sita: Kamati ya Walio Hai

Mtu akifa Nakuru, jua halijatua kamati imeshapatikana. Jirani mmoja anafungua kundi la WhatsApp, mwingine anafanywa mweka hazina kwa sababu laini yake ya M-Pesa haijawahi kuleta maneno, na jioni hiyo hiyo watu wanaanza kuketi uani kwa marehemu. Baada ya siku mbili tatu bajeti iko mezani: mochari, jeneza, basi la kwenda Kisii au Kakamega au Nyahururu, hema, viti, chai ya wanaokesha. Majina ya waliochanga husomwa kila jioni, na asiyechanga anajijua. Watu wasiopatana kwa siasa, kwa kanisa wala kwa mpira wanapatana juu ya orodha hiyo. Tumepungukiwa na mengi katika nchi hii, lakini ustadi wa kuzika tunao.

Marehemu akiwa mtetezi wa haki, mambo huwa makubwa zaidi. Fulana zenye picha yake huchapishwa. Mashirika hutuma wawakilishi, kipaza sauti kinapita mkono hadi mkono, na karibu kila msemaji atasema kwamba aliitumikia jamii bila kuchoka. Waliokuwa wakiishi naye huinamisha vichwa, maana wanajua alichoka sana. Alikuwa akipokea simu saa nane za usiku kuhusu kijana aliyekamatwa, akitoa nauli mfukoni mwake ili mama wa kijana huyo afike kituoni, huku kodi ya nyumba yake mwenyewe ikilala mwezi wa pili. Majirani waliyaona hayo na walimhurumia. Hawakujua waupeleke wapi msaada wao, kwa kuwa kamati zetu huundwa mtu akishazimika.

Sura hii inahusu ucheleweshaji huo. Watu wanaopigania mabadiliko katika Bonde la Ufa la kati wameshapewa mawaidha ya kutosha kuhusu kupumzika. Kinachokosekana ni mpango wa kuwatunza wakiwa hai, na vipande vyote vya mpango huo viko mikononi mwetu tayari: mchango, zamu, mweka hazina, kikao cha jioni. Tumezoea tu kuvitumia mazishini.

Wanaoibeba kazi

Tukisema wanaharakati, wengi huwaza kijana aliyeshika bango katika Barabara ya Kenyatta huku moshi wa kutoa machozi ukifuka nyuma yake. Huyo yumo. Lakini orodha ni ndefu. Kuna wazee wa Nyumba Kumi wa mitaa ya Rhonda na Kaptembwo wanaoamua ugomvi kabla haujafika kwa chifu. Kuna wanawake wanaomsindikiza binti aliyebakwa kutoka hospitali hadi polisi, na kutoka polisi hadi mahakamani, kesi ikiahirishwa mara baada ya mara. Kuna wawakilishi wa wafanyakazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, wajumbe wa kamati za amani za Molo na Kuresoi, mawakili wanaosimamia kesi bila malipo, watangazaji wa redio wanaokataa kusoma uchochezi hewani. Kuna mashirika kama MidRift, ambalo kwa miaka mingi limefanya kazi ya kupunguza ghasia mitaani Nakuru, na Tume ya Haki na Amani ya Jimbo Katoliki la Nakuru, ambalo chini ya Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki lilipaza sauti miaka ya 1990 wakati wengi walikuwa wamenyamaza.

Kuna pia wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua rasmi kikosi cha zaidi ya watu 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wa vifaa na kaya zake za kuzuru. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ukigawanya kiasi hicho kwa siku za mwezi hupati hata shilingi 200 kwa siku, na humo humo itoke nauli ya boda na salio la simu. Mhamasishaji ndiye anayegundua kwamba mtoto wa nyumba ya tatu hajachanjwa, kwamba mama wa nyumba ya saba anapigwa, na kwamba mzee wa nyumba ya kumi ameacha dawa za kifua kikuu. Akirudi kwake jioni, siri zote za mtaa analala nazo yeye.

Wengi wa watu hawa hawana barua ya ajira. Wakiugua hawana likizo ya ugonjwa, na wakizeeka hawana pensheni. Ukimwuliza mmoja wao kama anahitaji msaada, atakujibu kwamba wapo wanaoumia kumliko. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linalommaliza.

Kazi yenye kalenda

Mwaka 1974 daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika zahanati ya bure mjini New York, aliandika juu ya hali aliyoiona kwa wenzake na kwake mwenyewe: watu walioingia kazini na moyo wa moto, na baada ya muda wakabaki wakavu, wakali, wasiowajali hata watu waliotakiwa kuwahudumia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo kuwa zao la msongo wa kazi usioshughulikiwa, na kutaja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi yenyewe, na kuona kwamba lolote ufanyalo halina maana. Mtu yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya amani anazijua zote tatu. Ya pili ndiyo inayotisha zaidi, maana mwenye kuipata huendelea kufika kazini. Anajaza fomu, anasikiliza, anatikisa kichwa, na hasikii kitu.

Hata hivyo, Freudenberger aliandika kuhusu watu ambao kazi ilipoisha walifunga mlango wa zahanati wakaenda kwao. Bonde la Ufa la kati lina mambo mawili ambayo New York haikuwa nayo.

La kwanza ni kalenda. Ghasia za kikabila ziliifikia Molo na Olenguruone mwaka 1992, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi. Oktoba 1993 ikawa zamu ya Enoosupukia. Uchaguzi wa Desemba 1997 ulipopita, Januari iliyofuata Njoro na Laikipia zikawaka. Kisha uchaguzi wa Desemba 2007. Januari 2008 Nakuru mjini na Naivasha ziligeuka uwanja wa mapanga, na tarehe 27 katika mtaa wa Kabati, Naivasha, watu 19 waliteketea ndani ya nyumba moja. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Anayefanya kazi ya amani hapa haponi jeraha moja kisha akasonga mbele. Anaishi akijua mwezi ambao huenda kidonda kitatoneshwa, na kadiri mwezi huo unavyokaribia ndivyo usingizi unavyopungua.

La pili ni kwamba mwenye kusaidia naye ni mhanga. Januari 2008 maelfu ya waliofukuzwa makwao walijaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru na uwanja wa Afraha. Miongoni mwa waliogawa unga, kuandika majina na kutafuta watoto waliopotea, walikuwemo ambao nyumba zao wenyewe zilikuwa majivu. Wengine walimhudumia mtu wa kabila lililowachomea, wakarudi hemani kuulizwa na ndugu zao kwa nini. Mazoezi ya kupumua hayatoshi kumtua mtu mzigo wa namna hiyo. Anahitaji mwenzake anayeijua hali hiyo bila kuelezwa, na mahali pa kuketi naye.

Padre aliyekosa usingizi

John Anthony Kaiser alizaliwa Minnesota, Marekani, mwaka 1932, na akafika Kenya mwaka 1964 akiwa padre wa shirika la Mill Hill. Alitumika Kisii kwa miaka mingi kabla ya kuhamia jimbo la Ngong. Waliofukuzwa Enoosupukia walipojazana katika kambi ya Maela, upande wa Naivasha, alikwenda kuishi nao. Desemba 1994 serikali ikaivunja kambi. Watu walipakiwa kwenye malori, wengine wakashushwa uwanja wa Kirigiti huko Kiambu, na padre aliyepinga akaondolewa kwa nguvu. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza ghasia za kikabila, akawataja kwa majina watu wakubwa serikalini. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ilijaribu kumfukuza nchini, ikaacha baada ya kelele kuwa nyingi. Mwaka 2000 Chama cha Mawakili cha Kenya kilimpa tuzo ya haki za binadamu. Tarehe 24 Agosti mwaka huo huo mwili wake ulikutwa kando ya barabara kuu ya Nakuru na Naivasha, na bunduki yake karibu naye.

Wapelelezi wa Marekani wa FBI waliitwa kusaidia. Ripoti yao ya mwaka 2001 ilisema alijiua, na sehemu ya hoja yao ilikuwa kwamba Kaiser aliwahi kutibiwa ugonjwa wa akili, na kwamba siku zake za mwisho alikuwa na hofu na hakuwa akilala. Maaskofu Wakatoliki wa Kenya walilikataa jibu hilo. Uchunguzi wa mahakama ulifunguliwa, na Agosti 2007 hakimu akaamua kwamba padre aliuawa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Kesi hiyo inafahamika kwa upande wake wa siasa. Upande wa pili haujazungumzwa sana. Fikiria mtetezi wa haki wa Nakuru aliyeifuatilia habari ile magazetini kati ya mwaka 2001 na 2007. Alijifunza nini? Kwamba siku ukifa, cheti chako cha hospitali kinaweza kutolewa kabatini kikawa shahidi dhidi yako. Kwamba hofu ya mtu anayefuatwa, ambayo ni akili timamu ikifanya kazi yake, inaweza kuandikwa kuwa kichaa. Mtu mwenye somo hilo kichwani haendi kumwona mshauri nasaha. Anakunywa, au anasali, au anaongeza kazi.

Sheria nayo ilizidi kuufunga mlango. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na kilibaki vitabuni tangu enzi ya mkoloni hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo, aliyekuwa amefika ukingoni na akathubutu kusema, alijua kwamba baada ya hospitali huenda kituo cha polisi kikafuata.

Kwa hiyo huduma yoyote kwa watu hawa ianze na swali la daftari. Nani anaandika? Linawekwa wapi? Nani ana ufunguo? Shirika linalomlipia mtetezi mshauri nasaha halina haja ya kujua walichozungumza, na mfadhili hana haja ya jina. Mahali pengi fomu ya mahudhurio yenye jina, namba ya simu na sahihi bado huzungushwa mlangoni mwa chumba ambamo watu wameambiwa waseme yaliyo moyoni. Wanaitia sahihi, wanaingia, na wanazungumzia hali ya hewa.

Akina mama wa Uhuru Park

Nakuru ina kisa kingine, nacho kinaelekea upande mwingine kabisa. Monica Wangu Wamwere alikuwa mama wa Koigi wa Wamwere, mbunge wa zamani wa Nakuru Kaskazini aliyekuwa gerezani kwa tuhuma za uhaini. Mwishoni mwa Februari 1992, pamoja na akina mama wengine wenye wana kizuizini, alikwenda Nairobi kwa Mwanasheria Mkuu kudai wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Walipoambiwa wasubiri, waliamua kusubiria Uhuru Park, bila kula. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia. Wangari alipigwa hadi akazimia, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari waliokuwa na umri wa watoto wao, laana ambayo kila Mwafrika aliyekuwepo aliielewa. Walihamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, jirani na bustani, na huko waliendelea na mkesha wao karibu mwaka mzima. Mapema 1993 wengi wa wafungwa waliachiliwa, Koigi akiwa mmoja wao.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na ni haki yake. Lakini ujasiri wa siku moja hauwezi kukalia sakafu ya kanisa kwa mwaka. Wanawake wale, wengi wao wazee wa mashambani, walidumu kwa sababu ya namna walivyojipanga. Walikuwa pamoja, na hakuna aliyeachwa nyumbani akisubiri habari za mwanawe peke yake. Walikuwa na mahali pamoja panapojulikana, kiasi kwamba aliyetaka kusaidia alijua pa kuleta blanketi na chakula. Walikuwa na nyimbo na sala, na hivyo siku ilikuwa na umbo. Na pale Uhuru Park, tangu siku za kwanza, lilitokea jambo ambalo halikupangwa: wanaume waliokuwa wameteswa na serikali walianza kuja, kusimama mbele ya watu na kusimulia yaliyowapata, baadhi yao kwa mara ya kwanza. Wapo ambao hawakuwa wamewaambia hata wake zao. Akina mama waliokuja kudai wana wao wakawa wasikilizaji wa wana wa wengine.

Novemba 1993 Koigi alikamatwa tena, safari hii akishtakiwa kwa uvamizi wa kituo cha polisi cha Bahati. Kesi ilisikilizwa Nakuru na kwisha Oktoba 1995 kwa kifungo cha miaka minne na viboko sita. Mama yake alilazimika kuanza upya. Aliyeanza upya wakati huo alikuwa na mtandao wa wanawake waliolala naye sakafu moja, na hiyo ni tofauti kubwa na kuanza upya ukiwa mtu mmoja.

Ile ilikuwa kamati ya walio hai. Haikuwa na jina hilo, wala cheti cha usajili.

Wanaokimbia mbio ndefu

Kuna harakati zisizo na siku ya kilele. Oktoba 2009 serikali iliwapa Ogiek wa Msitu wa Mau notisi ya siku 30 kuondoka. Shirika lao, OPDP, lenye makao yake Nakuru, pamoja na washirika wake, lilipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu. Kesi ikahamishiwa Mahakama ya Afrika, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Ogiek. Hukumu ya fidia ikaja tarehe 23 Juni 2022: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, na milioni 100 kwa madhara yasiyo ya mali. Kutoka notisi hadi fidia ilipita karibu miaka 13. Na Novemba 2023, hukumu mbili zikiwa mkononi, nyumba za Ogiek zilibomolewa tena huko Sasimwani, Narok.

Hapa uchovu una sura nyingine. Aliyeshindwa anaweza kuomboleza na kuanza jambo jingine. Aliyeshinda mahakamani akapoteza shambani hana ruhusa ya kuomboleza wala ya kusherehekea. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa notisi amemaliza shule ya msingi. Wazee waliotoa ushahidi wanapungua. Wafadhili hutoa fedha za mwaka mmoja au miwili kwa kesi ya muongo mzima, kwa hiyo ofisi inayopigania ardhi ya maelfu ya watu hutumia sehemu ya kila mwaka ikipigania mishahara yake.

Kwa mapambano ya aina hii, dawa kuu ni zamu. Mtu mmoja asiwe uso wa harakati kwa miaka 13. Katika kila jambo, awepo wa pili anayejua faili ziko wapi, anayejulikana na mawakili, anayeweza kusafiri Arusha yule wa kwanza akiugua. Wengi hukwepa zamu kwa kuogopa kupokonywa cheo, na baadhi kwa kuogopa kwamba wakiketi chini wataona jinsi walivyoumia. Zamu iliyowekwa mapema na wote inayaondolea aibu makundi yote mawili.

Warsha kando ya ziwa

Mashirika yamejua kwamba watu wao wanachoka. Jibu lililozoeleka ni warsha. Watetezi ishirini wanapelekwa hoteli ya Naivasha, kando ya ziwa. Ratiba inaanza saa mbili asubuhi na kwisha saa kumi na mbili jioni. Kuna mada juu ya msongo wa mawazo, kazi za makundi, karatasi kubwa za kubandika ukutani, picha ya pamoja. Viboko wanasikika usiku. Siku ya tatu watu wanapewa vyeti na marejesho ya nauli, na Jumatatu kila mmoja amerudi kwa simu ile ile, mtaa ule ule na deni lile lile.

Sikatai warsha. Kulala siku mbili mahali ambapo hakuna anayekugongea mlango ni jambo kubwa kwa mtu wa mtaa kama Kivumbini. Tatizo ni kwamba inamtibu mtu kwa kumwondoa mahali, kisha inamrudisha mahali ambapo hapajabadilika. Bei ya vyumba vile kwa siku tatu ingelipia mambo mengi madogo kwa mwaka mzima.

Mambo hayo madogo yana ushahidi wake. Jijini Nairobi kulifanywa utafiti, uliochapishwa mwaka 2017, juu ya njia ya Shirika la Afya Duniani ya kuwasaidia watu wenye dhiki. Ulihusisha wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya wa mtaani waliofundishwa kwa muda mfupi, wakikutana na kila mwanamke mara tano, mara moja kwa wiki. Miezi mitatu baadaye, waliopata vikao hivyo walikuwa na dhiki pungufu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ni rahisi kuyafurahia matokeo hayo kwa unafuu wa gharama. Kwa sura yetu kuna jambo la kuzingatia zaidi: wahudumu wale hawakuachwa peke yao. Walikuwa na msimamizi waliyeketi naye mara kwa mara kuzungumzia walichosikia. Mtu anayesikiliza maumivu bila kuwa na pa kuyapeleka huanza kuota ndoto za wengine.

Namna ya kuiunda

Kamati ya walio hai haihitaji mfadhili ili ianze. Inahitaji watu kati ya watano na kumi na wawili wanaofanya kazi moja au wanaoishi karibu, na wanaoaminiana vya kutosha kuchanga pesa pamoja. Wengi tayari wako katika chama cha akiba, na chama hicho kinaweza kuongezewa wajibu.

Wajibu wa kwanza ni bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 mfuko wa SHA umechukua nafasi ya NHIF, na asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa kwa mwaka mzima, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Mwanachama aliyekosa kulipa atagundua pengo hilo akiwa mlangoni mwa hospitali. Kamati ilipe kwanza, kisha mwanachama arudishe kidogo kidogo.

Wajibu wa pili ni simu ya usiku. Mtaa unaojua namba moja tu utampigia mwenye namba hiyo hadi aanguke. Kamati iwe na laini moja inayohama kwa zamu, wiki hii kwako na wiki ijayo kwa mwenzako, na wiki ambayo si yako simu yako uizime bila kuomba radhi.

Wajibu wa tatu ni kikao baada ya jambo zito. Likitokea tukio kama lile la Solai, ambapo bwawa lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40, au mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 2024, waliotoa miili matopeni waketi pamoja ndani ya siku chache, wale, na kila mmoja aulizwe maswali mawili: uliona nini, na unalala? Asiyelala kwa wiki mbili apelekwe kwa mshauri nasaha, na aende na mwenzake hadi mlangoni.

Wajibu wa nne ni nyumba. Mume, mke au mtoto wa mtetezi hubeba nusu ya hatari bila kupata hata cheti cha warsha. Kamati imjue kwa jina, imtembelee, na siku mtetezi akikamatwa yeye asiwe wa mwisho kupata habari. Kwa hatari zinazozidi uwezo wa mtaa kuna Defenders Coalition, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo husaidia watetezi kupata wakili, ushauri nasaha au mahali pa kujificha kwa muda. Namba yake iwe kwenye simu ya kila mwanachama kabla haijahitajika.

Kwa mashirika na wafadhili kuna wajibu mmoja: gharama hizi ziandikwe katika bajeti kama gharama za kazi, kando ya mafuta ya gari na karatasi. Zikiwekwa chini ya "mengineyo" ndizo hukatwa kwanza.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza husemwa na watetezi wenyewe: watu wanauawa, nasi tukae tujadili usingizi? Juni 2024 vijana walijibu swali hili kwa vitendo. Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalipoijaza miji ya Kenya, Nakuru ikiwemo, wauguzi na madaktari walijitolea kuwatibu majeruhi, mawakili wakasambaza namba zao, na makumi ya mamilioni ya shilingi yakachangwa kupitia simu kulipa hospitali na kuzisaidia familia za waliouawa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu vifo 60 na zaidi, na visa vya kutekwa vikaendelea hadi mwisho wa mwaka. Kizazi hicho kilianza kujitunza siku ile ile kilipoanza kuandamana, na barabara haikupoa kwa sababu hiyo. Kilichofuata ndicho kigumu: michango ilikuwa tayari kwa risasi na jeneza, lakini kijana aliyerudi kutoka mikononi mwa watekaji, mzima wa mwili, hakujua aombe mchango wa nini.

Pingamizi la pili ni la wanawake, nalo ni zito. Kazi ya kutunza wengine ikikosa mpango huwaangukia wao. Ndio wanaopika kikaoni, wanaomtembelea mgonjwa, wanaokumbuka mtoto wa nani anaanza shule. Kamati ikiundwa bila kuliangalia hilo, itawaongezea akina mama kazi ya tatu juu ya mbili walizo nazo. Zamu ya chai iandikwe karatasini kama zamu ya simu, na majina ya wanaume yawemo.

Kabla ya Agosti 2027

Agosti 2012, baada ya mazungumzo yaliyochukua zaidi ya mwaka, wazee wa Kikuyu na Kalenjin walitia sahihi mkataba wa amani wa Nakuru. Uchaguzi wa mwaka uliofuata ulipita kaunti hii bila mapanga. Wanasiasa wa jamii hizo mbili walikuwa wameungana kwa uchaguzi huo, na hilo lilichangia sana. Lakini wazee walikuwa wamefanya kazi yao wakati ambapo hakuna kamera iliyokuwa ikiwatafuta. Fedha za amani mara nyingi huingia Nakuru miezi michache kabla ya kura na kuondoka matokeo yakishatangazwa, na watu wachache wale wale huombwa kukimbia katika miezi hiyo kama wasio na miili.

Uchaguzi ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Kila kamati ya amani, kila kituo cha haki, kila kundi la wahamasishaji kati ya Naivasha na Molo lishike kalenda na kuhesabu kurudi nyuma. Bima ilipwe kabla mwaka haujaanza. Zamu za simu zianze Januari, wakati simu ni chache na kukosea si hatari. Mshauri nasaha atafutwe na aaminiwe kabla ya Mei. Na ratiba isiishie siku ya kutangaza matokeo: Septemba na Oktoba, magari ya mashirika yatakapokuwa yamerudi Nairobi, ndiyo miezi ambayo mtetezi wa Nakuru huanza kutetemeka mikono. Miezi hiyo nayo iandikiwe majina ya watu, na pesa.